Je, Wajua? Mtoto Hahamishwi Kiholela Baada ya Talaka

Ndoa imevunjwa mahakamani, mama wa Mbagala amepata kazi Mwanza. Akimpandisha mtoto basi pale stendi ya Magufuli, begi la shule mgongoni, amevunja sheria? Inategemea amri iliyotolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama, inapompa mzazi haki ya kukaa na mtoto, kuweka masharti: aishi wapi, asome vipi, mzazi mwenzake amwone lini. Inaweza hata kukataza asitolewe nje ya Tanzania.

Kifungu cha 125 kinatanguliza ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa ni heri akae na mama, lakini dhana hiyo hupingika kwa ushahidi, na mahakama hutazama pia madhara ya kumyumbisha huku na kule. Anayeweza kujieleza, matakwa yake huzingatiwa. Hapo naona sheria yetu ina utu.

Kwa mashauri kama haya, Temeke kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, chenye mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Kuu. Kabla ya kukata tiketi, isome tena amri yako. Ikikubana, omba ibadilishwe.