Lugha za Rwanda: kweli au si kweli?

Wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali, ina watu wa kila pembe ya nchi, pamoja na waliorejea kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania. Mtu akifungua kinywa tu, wenzake hutambua atokako, na hukumu juu ya usemi wake hazikawii. Tuzipime.

"Rwanda ina lugha moja tu."
SI KWELI. Kinyarwanda ndiyo lugha ya taifa, na karibu kila mtu anakijua. Lakini kisiwani Nkombo, katika Ziwa Kivu, wenyeji wana Amashi, lugha inayozungumzwa pia ng'ambo, upande wa Bukavu. Lugha rasmi nazo ni nne: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na, tangu 2017, Kiswahili.

"Kigoyi na Kirera ni Kinyarwanda kilichoharibika."
SI KWELI. Kigoyi cha Rubavu na Kirera cha Musanze na Burera vina matamshi, msamiati na kanuni zake. Usemi wa katikati ya nchi, kulikokuwa na makao ya mfalme, ulipata hadhi kwa sababu ya madaraka. Ndivyo ilivyokuwa Ufaransa: Kigallo, lugha ya mashariki mwa Bretagne, kilidharauliwa kama Kifaransa kibovu, ilhali vyote viwili vilizaliwa na Kilatini, kila kimoja kwa njia yake.

"Mnyarwanda na Mrundi huelewana bila mkalimani."
KWELI. Katika mpangilio wa mwanaisimu Malcolm Guthrie, Kinyarwanda ni D61 na Kirundi ni D62. Kiha cha Kigoma kimo katika kundi hilohilo. Zinahesabiwa lugha mbalimbali kwa sababu ya historia na mipaka ya nchi kuliko kwa sababu ya sarufi.

"Lugha ikiingia shuleni imeokoka."
SI KWELI. Kigallo kiliingia kama somo la hiari katika mtihani wa mwisho wa sekondari miaka ya 1980, lakini UNESCO bado inakihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini sana, kwa kuwa wazazi wengi waliacha kuwarithisha watoto. Shule husaidia, nyumba ndiyo huokoa.

Basi mzazi wa Kicukiro uliyetoka Nkombo au Rubavu, usione haya. Zungumza na mwanao kwa usemi wa kwenu. Kinyarwanda cha vitabuni atafundishwa darasani. Hicho cha kwenu, mwalimu wake ni wewe.