Kabla ya kumeza dawa, chunguza maneno

Ikiwa umewahi kungoja basi lijae abiria mjini, bila shaka umemsikia mchuuzi wa dawa. Huingia kwa adabu, husalimu, huwaombea abiria safari njema, kisha hufungua mkoba wake. "Wazee wangu, mama zangu, mimi si mwizi wala si mwombaji," huanza. Dakika tano baadaye abiria wamekwisha kuelezwa kwamba chupa aliyoishika huondoa presha, sukari, vidonda vya tumbo na maumivu ya mgongo. Kabla dereva hajawasha injini, chupa kadhaa zimenunuliwa.

Sikusudii kumcheka mchuuzi huyo wala wateja wake. Nataka tuyatazame maneno yake, kwa sababu maneno huweza kudhuru kama vile dawa mbaya inavyodhuru.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimtibu mama mmoja mwuza mboga. Presha yake ilikuwa imetulia kwa tembe alizomeza kila siku. Kisha akaacha kuja. Aliporudi alikuwa ameshikwa mkono na mwanawe, mkono wake wa kulia umelegea na mdomo umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi. Presha yake ilikuwa 210 kwa 120. Nilipomwuliza kuhusu tembe, alijibu kwa shida: "Daktari, niliziacha. Nilinunua ile ya chupa. Miezi minne sikuumwa hata kichwa."

Njia tatu za kumshawishi mtu

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki aitwaye Aristotle alieleza kwamba msemaji huwavuta watu kwa njia tatu: heshima yake mwenyewe, hisia za wanaomsikiliza, na hoja anazotoa.

Mchuuzi wa basi hakusoma vitabu vya Aristotle, lakini njia hizo anazijua. Kwanza hujenga heshima: yeye si mwizi, ni mtoto wa wazazi wema. Kisha hugusa hisia, kwa kusimulia habari za mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Mwisho hutoa kitu kinachofanana na hoja.

Hakuna ubaya katika kutumia njia hizo. Mimi pia humtia mgonjwa hofu kidogo nikitaka aache sigara. Ubaya huja pale heshima na hisia zinapokaa mahali pa hoja, nasi tusitambue kwamba hoja yenyewe haikuja.

Nilikunywa, nikapona

Kosa kubwa la mantiki katika mambo ya afya ni hili: jambo la pili limefuata la kwanza, kwa hiyo limesababishwa na la kwanza. Jogoo huwika, kisha kukacha. Lakini jogoo si mwenye kuleta alfajiri.

Werevu wengi hunaswa hapa kwa sababu magonjwa yenyewe hutudanganya, kwa namna tatu. Kuna magonjwa yanayopona yenyewe. Mafua ya kawaida huisha kwa siku 7 hadi 10, umeze dawa au usimeze, na dawa uliyomeza siku ya tano itapata sifa zote. Kuna yanayopanda na kushuka, kama baridi yabisi, pumu na vidonda vya tumbo. Mgonjwa hutafuta dawa siku ile maumivu yamefika kileleni, na baada ya kilele mara nyingi kuna mteremko. Tena kuna magonjwa ya kimya. Presha mara nyingi haina maumivu yoyote mpaka iharibu moyo, figo au ubongo. Mama yule hakuumwa kichwa kwa miezi minne, ni kweli. Lakini kutoumwa kichwa hakupimi presha. Presha hupimwa kwa mashine, na sukari hupimwa kwa damu.

Kosa hilo hilo huweza kutumiwa kuitia lawama dawa njema. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet habari za watoto 12 tu, wakidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda inahusiana na usonji. Jarida hilo liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote. Dalili za usonji huanza kuonekana katika umri ule ule ambao watoto huchanjwa, na wazazi wakayaunganisha mambo hayo mawili.

Umati na ushuhuda

Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya wengi, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Walisikia kwamba hutibu Ukimwi, kisukari, saratani na pumu. Wengi walisema, "Watu wote hawa hawawezi kukosea." Lakini wingi wa watu barabarani ulionyesha wingi wa shida zao tu. Wapo walioacha dawa zao wakizidiwa, na magazeti ya wakati huo yaliripoti wagonjwa waliofia njiani au kwenye foleni.

Ushuhuda nao una shimo lake. Anayesimama kusema "nilipona" ni yule aliye hai na mwenye furaha. Waliokunywa wakafa hawapandi basi kusimulia.

Dawa ya shimo hilo ni kulinganisha. Mwaka 1747 daktari wa meli Mskoti, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wengine. Asingekuwa na jozi nyingine, asingejua kilichowaponya.

Ni ya asili, haina madhara

Tumbaku ni jani la asili. Muhogo mchungu usiotayarishwa vyema una sumu ya sianidi, na mbegu za mbono zina sumu kali. Asili haina ahadi ya usalama.

Wala si haki kudharau mitishamba. Kwinini ilitoka katika gamba la mti. Artemisinini, ambayo leo ni msingi wa dawa zetu za malaria, ilitolewa katika mmea wa China, na mtafiti Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Mmea ule ukawa dawa ya kutegemewa baada ya kupimwa na kipimo chake kujulikana.

Mkubwa amesema

Katika miaka ya 1940 tangazo moja huko Marekani lilidai kwamba madaktari wengi zaidi huvuta sigara za Camel kuliko za aina nyingine. Koti jeupe likauza moshi. Hapa kwetu, mwaka 1990, Kemron ilitangazwa kwa shangwe kuwa tumaini dhidi ya Ukimwi, Rais Daniel arap Moi akiwa miongoni mwa walioisifu. Majaribio ya baadaye, likiwemo moja lililofanywa Uganda, hayakuona kwamba iliwafaa wagonjwa kuliko tembe zisizo na dawa. Cheo cha msemaji hakiponyi ugonjwa.

Mbinu nyingine ni kumshambulia mtu badala ya hoja: "Madaktari hawataki upone, watakosa pesa." Hata kama hospitali hutoza pesa nyingi, jambo hilo halionyeshi kwamba chupa inafanya kazi. Mwenye chupa naye hachukui pesa?

Hata sisi madaktari

Sasa nirudi kwa mama yule. Nilipomwuliza kwa nini alimwamini mtu wa basi, alinitazama akasema: "Daktari, yeye alinieleza. Wewe hukunieleza."

Nilikumbuka. Siku moja aliniuliza kwa nini ameze tembe maisha yake yote ilhali haumwi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimjibu, "Mama, mimi ndiye daktari," nikaita mgonjwa mwingine. Hiyo haikuwa hoja. Ilikuwa heshima ya koti langu tu, kosa lile lile la tangazo la sigara. Mchuuzi alimpa dakika tano, mimi sikumpa hata moja.

Maswali ya kuuliza

Ukiuziwa dawa, iwe katika basi, redioni, kwa simu au hata ndani ya kliniki yangu, uliza:

1. Inatibu ugonjwa gani hasa? Dawa moja ya magonjwa ishirini yenye vyanzo tofauti ni ya kutiliwa shaka.

2. Walioitumia walilinganishwa na nani?

3. Walioitumia wasipone wako wapi?

4. Ndani mna nini, na je, imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu?

5. Nafuu yangu itapimwaje, mbali na ninavyojisikia?

Usiache tembe za presha, sukari, kifafa au Ukimwi kabla ya kuzungumza na daktari wako. Ukiamua kutumia mitishamba, mwambie waziwazi, kwani baadhi huchanganyika vibaya na dawa za hospitali. Naye akikujibu "mimi ndiye daktari", mwulize tena.

Mama yule siku hizi hupima mboga kwa mkono wa kushoto. Akija kliniki huwa na swali, na siiti mgonjwa mwingine kabla ya kulijibu.