Kuifuata Molekuli Moja Mwilini mwa Kimelea

Mfugaji wa Manyoni au Itigi anayelisha jirani na pori la Rungwa hahitaji kuelezwa ndorobo ni nini. Anachouliza, tena kwa haki, ni kwa nini ng'ombe huchanjwa kimeta na chambavu lakini nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o huyo, haina chanjo.

Jibu liko kwenye ngozi ya kimelea. Trypanosoma brucei, jamaa wa vimelea vya nagana aliyechunguzwa kuliko wote, ana urefu wa takriban mikromita 20, naye amefunikwa na molekuli zipatazo milioni 10 za protini ya aina moja. Mwili wa mnyama ukishaitambua protini hiyo, baadhi ya vimelea huwa wamekwisha kuvaa nyingine.

Je, molekuli zilizobanana hivyo zimekwama au zinatembea? Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi. Hizi zimepishana kwa nanomita chache tu. Basi watafiti hufanya kama mchungaji asiyeweza kufuata kundi zima: hutia alama wachache. Molekuli chache hubandikwa rangi inayong'aa ikipigwa leza, na kamera inayonasa mwanga hafifu huiona kila moja kama doa. Doa ni pana, lakini kitovu chake hukokotolewa kwa usahihi wa makumi ya nanomita. Picha zikifuatana upesi, njia ya molekuli hujichora. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipata Nobeli ya kemia mwaka 2014 kwa kuvuka mpaka wa Abbe.

Tripanosoma, hata hivyo, hatulii, na ukimuua umepoteza ulichokitafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walimnasa akiwa hai ndani ya jeli. Molekuli zake zinatembea, licha ya msongamano wote ule. Hilo ndilo linalomwokoa: kingamwili zikishika protini, mkondo wa kuogelea kwake huzisukuma nyuma hadi kwenye mfuko mdogo unapochomoza mjeledi wake, yaani mkia anaoogelea nao, zikamezwa.

Ndiyo maana naona matumaini zaidi kwenye protini zisizobadilika. Mwaka 2021 moja ya namna hiyo, ya mjeledi wa Trypanosoma vivax, kimelea kingine cha nagana, iliwakinga panya ilipotumiwa kama chanjo. Ng'ombe wa Manyoni bado wanategemea sindano za dawa na mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi.