Umati Usiofungiwa Geti

Pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, Bariadi haikai kimya. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza kunukia, vijana wa Somanda, Nyakabindi na vijiji vingine vya Ntuzu huulizana jambo moja: mbina iko wapi? Kiangazi ndicho msimu wa ngoma Usukumani kote, na sababu yake haina fumbo. Shamba halidai palizi, na mfukoni kuna chochote kilichotoka kwenye mizani ya chama cha msingi. Anayeitaka ngoma anao muda wa kuifuata hata kijiji cha nne.

Mgeni akiambiwa anakwenda kuona ngoma, hudhani ataketi atumbuizwe. Hataketi. Mbina ya Wasukuma ni vita visivyo na damu baina ya pande mbili, Wagika na Wagalu, ambazo asili yake ni Ngika na Gumha, mahasimu wa karne ya 19 waliopimana nguvu kwa ngoma na kwa dawa. Makundi mawili hupewa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake na manju wake, na watazamaji huachwa huru katikati. Upande uliovuta watu wengi umeshinda. Hakuna haja ya majaji wenye kalamu, kwa sababu matokeo yanaonekana kwa macho: huku watu wamebanana, kule mbwa anapita bila kukanyagwa.

Kwa hiyo upande unaoanza kuishiwa watu lazima utoe kitu. Huu utatoa chatu, ule utatoa fisi aliyefungwa kamba shingoni, mwingine mdoli wa mti anayetikisa kichwa na kufanya mambo ambayo mama mkwe hapaswi kuyaona. Kelele zikilipuka upande wa pili, watoto hutimka kwanza, kisha vijana, na mwisho wazee wanaojifanya wanatembea tu. Sisi tuliokulia katika vumbi hilo tunajua kwamba nusu ya utamu ni kule kukimbia.

Kijana wa namna hii hufika umri akatamani kuingia ndani, awe mchezaji. Na hapo huibuka swali ambalo halimhusu Msukuma peke yake: jambo unalolipenda, ukiligeuza kazi yako, litabaki kuwa lile ulilolipenda? Huko Marekani huulizwa sana kuhusu bustani za michezo za Disney, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Anaheim, California, mwaka 1955. Watu waliokwenda utotoni wakatoka wamepagawa hurudi ukubwani kuomba ajira, na ndugu zao huwaonya: ukishamwona panya mashuhuri amevua kichwa na kujifuta jasho, basi tena. Wenye bustani wenyewe wanaiogopa siri hiyo. Katika ile ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, walijenga njia za chini kwa chini ili wafanyakazi wapite bila mgeni kuwaona wakikatiza mahali pasipowahusu.

Ngomani Ntuzu pia kuna mapito ya chini, ila hayakuchimbwa kwa katapila. Chukua Wayeye, chama cha wacheza na nyoka. Anayetaka kujiunga hutoa ada, hupata mwalimu, huapishwa kutunza siri, kisha hupelekwa porini kujifunza miti na mizizi, ipi ya kuzuia sumu na ipi ya kutibu aliyekwisha kuumwa. Huchanjwa chale na kupakwa dawa. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika juu ya Wayeye mwaka 1946, na ukimsoma unaona chama chenye ngazi, masomo na nidhamu. Kwa maneno mengine, shule. Yule chatu aliyekukosesha usingizi ukiwa mtoto sasa ni mnyama wa kutafutiwa chakula, kubebwa na kusafishiwa sanduku lake. Zaidi ya hayo kuna samba, dawa ya mvuto, inayoandaliwa kabla ya mchezo ili watu wasibanduke. Mtazamaji hudhani amependa mwenyewe. Mchezaji anajua nani hakulala usiku ule.

Je, utamu umeharibika? Sehemu yake, ndiyo. Mshangao hauna maisha mawili. Lakini sioni kwamba kuijua kazi ndiko kunakouua, na ushahidi wangu ni bugobogobo. Ngoma hii ya majembe, ambayo Watanzania wengi wanaijua hata kama hawajafika Ziwa Victoria, ilizaliwa shambani. Vijana wa kikundi cha kulima walikodiwa kumlimia mtu, wakaingia mstari mmoja, ngoma ikapigwa nyuma yao, na majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo mmoja huku mwingine akilirusha la kwake hewani na kulidaka. Mwenye shamba alilipa kwa fedha, kwa chakula au kwa mnyama wa kuchinja. Hapo utaitenga wapi kazi na mchezo? Jasho halikufichwa, ndilo lililokuja kutazamwa. Banunguli nao hivyo hivyo. Walikuwa wawindaji wa nungunungu, mla mihogo na viazi, wakiingia shimoni kumfuata gizani. Walipotoka walicheza kazi yao mbele ya watu, na miiba ya windo ikiwa pambo mwilini.

Kinachoua ngoma ni kitu kingine, na nimekiona mara nyingi mno: kucheza bila mpinzani. Sherehe za kitaifa za Nane Nane zilipofanyika Nyakabindi, kuanzia mwaka 2018, Simiyu ilijaa wageni, na kama ilivyo desturi ya sherehe zetu zote, ngoma ni za kumpokea mgeni rasmi. Sizungumzii sherehe moja; ziko hivyo kila mkoa. Kikundi hupewa dakika chache, huambiwa kisisogee karibu na meza kuu, na walioketi kwenye mahema hawawezi kuondoka kwa sababu hotuba haijasomwa. Wachezaji wale wale waliotoa povu wiki iliyopita kijijini leo wanahesabu hatua. Posho itatoka hata wakicheza hovyo. Vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, kama Muungano katika enzi zake, viliingiza nyoka kwenye kumbi na vikapendwa sana, na siwanyimi haki yao, walikuwa mahodari. Ila ukumbini mtu amekwisha kulipa mlangoni. Hata akichukia, kiti ni chake na soda bado haijaisha.

Mchezaji wa mbina ya kijijini hana mlango wa kufunga. Manju aliyetunga wimbo wa kumkejeli hasimu wake miezi kadhaa kabla, akaufundisha usiku baada ya usiku, anaweza kuutoa na akaona migongo. Ndiyo maana anaendelea kutunga akiwa na mvi. Hofu ya kuachwa humfanya mzoefu awe mbichi kila kiangazi, na hiyo hofu mtazamaji hawezi kuionja hata siku moja. Ni utamu mwingine, mchungu zaidi, na wanaouzoea hawauachi. Wake zao wanaweza kukueleza kwa kirefu.

Hata hivyo kuna kitu anachopoteza kweli anayeingia, na si siri za dawa. Amechagua upande. Akiwa Mgika ni Mgika, na zile kelele zikilipuka kwa Wagalu hana ruhusa ya kutimka. Anazisikia mgongoni. Anaweza kukisia kwamba wametoa fisi, au mdoli mpya, au kuna mtu amepanda juu ya mti mrefu akicheza kwa kichwa, lakini kazi yake kwa wakati huo ni kupiga ngoma kwa nguvu zaidi ili wanaoondoka wageuke. Mtoto wa darasa la tatu pale uwanjani ameiona mbina yote. Yeye, fundi, ataiona nusu yake mpaka azeeke.

Ndugu wa tumbo moja huweza kuwa pande tofauti, mmoja kwa Ngika na mwingine kwa Gumha, na kiangazi chote wakala sahani moja bila kuulizana habari za uwanjani, kwa kuwa aliyeshinda atajigamba na aliyeshindwa atadai wenzake walirogwa. Njia ni kumsubiri mdogo wao ambaye hajaingia popote. Akirudi amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, kaka humwita nyuma ya nyumba, humpa sarafu au muwa, na kumuuliza kwa sauti ya chini wale wa upande wa pili walikuwa wanafanya nini. Mtoto akijua thamani ya alichonacho, husema ameshasahau, mpaka aongezwe.