Usajili Hauna Msimu

Naulizwa tena na tena: "Wakili, usajili wa wapiga kura unafunguliwa lini?" Wanafunzi wakiuliza, nawajibu kwa upole. Kinachonichosha ni kuulizwa na watu wanaojiita wanaharakati, fulana za kuhamasisha umma zimewakaa mwilini. Jibu lipo tangu mwaka 2011. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uchaguzi ya Kenya kinasema usajili wa wapiga kura na marekebisho ya sajili hufanywa wakati wote, isipokuwa kipindi kifupi kabla ya uchaguzi mkuu, na pale penye uchaguzi mdogo. Hakuna cha kufunguliwa. Swali lenye maana ni jingine: sheria ikisema wakati wote, mbona wewe umbali wako na mashine ya BVR ya kusajili wapiga kura ni nauli ya siku nzima?

Lakini swali hilo haliulizwi, kwa sababu ya imani moja iliyoota mizizi kuanzia Kwale hadi Busia: kwamba mambo ya kura ni ya mwaka wa kura, na kabla ya hapo "bado mapema". Tusubiri usajili wa halaiki, wanasema. Mashine zitaletwa hadi sokoni, wanasiasa watalipa boda, tutaandikishwa sote kwa mpigo.

Tazama basi huko kusubiri kulituzalia nini mara iliyopita. Oktoba 2021, tume ya uchaguzi, IEBC, ilianza usajili wa halaiki ikilenga wapiga kura wapya milioni 6. Ilipata takriban milioni 1.5. Januari 2022 ikarudi tena kwa wiki tatu, safari hii ikilenga milioni 4.5. Ilipata kama milioni moja. Redioni wachambuzi wakakata kauli siku hiyohiyo: vijana hawajali. Kutojali kupo, sikatai. Ila nani alijisumbua kuhesabu waliofika kwenye meza wakarudishwa kwa kukosa kitambulisho?

Mashine ya BVR haitoi kitambulisho. Inachukua alama za vidole na picha ya mtu ambaye tayari anacho mkononi. Asiyekuwa nacho ana safari nyingine kabisa: cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, ofisi ya usajili wa watu, kisha kungoja. Kwa Mnubi wa Kibra au Msomali wa Garissa, kwa miongo mingi paliongezwa kamati ya kumhoji kama kweli ni Mkenya, na tarehe ya kikao hakuipanga yeye. Februari 2025 rais alitia saini agizo la kuondoa uhakiki huo wa ziada katika kaunti za mpakani. Vyema, lakini agizo la Nairobi hufika kwa karani wa tarafa kwa mwendo wake. Safari hiyo yote haiingii ndani ya wiki tatu. Kwa hiyo anayemwambia kijana wa miaka 18 asubiri usajili wa halaiki anamnyima kura, hata kama nia yake ni njema.

Na foleni? Kila uchaguzi nasikia ushauri uleule: amka saa tisa usiku, beba kigoda. Huo si ushauri. Foleni ya uchaguzi wa Agosti hupangwa mapema, kwenye karatasi. Sheria inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila kituo, na ndiyo maana mwaka 2022 nchi ilikuwa na vituo 46,229. Wakizidi 700 shuleni penu, mtagawanywa madarasa mawili, na foleni itapungua. Lakini mgao huo haumsaidii aliye kilomita 20 kutoka shuleni, kwa sababu madarasa mawili ya shule ileile yako mbali vilevile. Wa kijiji chake wanahitaji kituo kipya, na kituo kipya huombwa orodha ikiwa bado inaandaliwa. Ikishachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kelele zako ni za bure.

Mnataka ushahidi kwamba miaka ya katikati ndiyo inayoamua? Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 IEBC haikuwa na mwenyekiti wala kamishna hata mmoja kazini. Wadi na maeneo bunge kadhaa yalikaa bila wawakilishi kwa sababu hapakuwa na wa kuitisha uchaguzi mdogo. Muda wa kikatiba wa kupitia upya mipaka ulipita Machi 2024, mipaka haijaguswa. Usajili wa kila siku ulirejea Septemba 29, 2025. Vijana waliofikisha miaka 18 katika kipindi hicho walikuta ofisi zimezubaa, na waliokuwa wakipiga kelele kuhusu hilo tuliwahesabu kwa vidole. Wengine walikuwa wakisubiri msimu.

Hata sasa kuna kasoro. Kwa kawaida usajili wa kila siku hufanyika katika ofisi ya eneo bunge. Mkazi wa Starehe anaifikia kwa matatu moja. Kaunti ya Marsabit ina zaidi ya kilomita za mraba 60,000 na maeneo bunge manne tu, hesabu mwenyewe. Ibara ya 83 ya Katiba inataka mipango ya usajili imwezeshe raia, isimzuie. Hiyo ndiyo silaha. Itumieni.

Kwa haraka, maana nafasi inaisha. Kama una kitambulisho, jisajili wiki hii. Umehama? Hamisha usajili wako. Mwisho ni siku 90 kabla ya uchaguzi, na wa 2027 ni Agosti 10. Kagua jina lako mapema, kosa la tarakimu moja lirekebishwe pasipo msongamano. Chama, kanisa, msikiti, kikundi cha akina mama: tafuteni vijana wasio na vitambulisho, mwandamane nao hadi kwa chifu. Ombeni kwa maandishi mashine iletwe chuoni au siku ya soko. Bajeti ya IEBC hupitia Bunge kabla ya mwisho wa Juni kila mwaka, pelekeni maoni. Ibara ya 119 inamruhusu yeyote kuwasilisha ombi bungeni. Angalieni kama darasa la kupigia kura lina ngazi, mwandike kwamba mtu wa kiti cha magurudumu hapandi ngazi.

Na barua ya kuomba kituo kipya iwe na vitu vya kushikika. "Watu wetu wanateseka" huishia kwenye faili. Taja shule, idadi ya watu wazima, kilomita hadi kituo cha sasa na mto unaofurika katikati. Kisha iombe IEBC, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mpango wa vituo vya wadi yenu. Wana siku 21 za kukujibu. Weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa.