Mboga Bila Udongo Katika Nchi ya Chai

Habari za kilimo bila udongo kwa kawaida huanzia jangwani: mchanga, jua kali, kisima kilichokauka, kisha mabomba meupe yenye mboga za kijani. Kericho na Bomet, nchini Kenya, si jangwa. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo wake mwekundu, uliotokana na miamba ya volkano, una kina kirefu. Kwa nini basi mkulima wa Litein au Silibwet ajisumbue kuotesha mboga ndani ya maji?

Katika nchi ya chai, haidroponiki, yaani kilimo hiki bila udongo, haina kazi ya kuokoa maji. Kazi yake ni kumwepusha mkulima na mambo matatu: asidi ya udongo, vijidudu vya magonjwa vinavyojificha ardhini, na ufinyu wa ardhi. Anayelielewa hilo atajua wapi pa kuitumia teknolojia hii na wapi pa kuiacha.

Ardhi iliyoipenda chai

Mchai hustawi katika udongo wenye pH ya kati ya 4.5 na 5.6. Asidi ikifikia kiwango hicho, aluminiamu iliyo ardhini huyeyuka na kudhuru mizizi ya mimea mingi, na fosforasi hunaswa na madini ya udongo isiifikie mizizi. Mchai hauoni shida: huifyonza aluminiamu na kuirundika ndani ya majani yake yaliyokomaa. Kabichi, biti na spinachi hazina uwezo huo; hutaka pH ya 6 hadi 7. Mbolea ya NPK 26:5:5, ambayo wakulima wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, huipata kwa ajili ya chai, ina naitrojeni nyingi, na ikitumika mwaka baada ya mwaka huzidisha asidi hiyo.

Tena kuna suala la nafasi. Kampuni kubwa zilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920. KTDA ilipoundwa mwaka 1964, familia nyingi nazo zikageuza sehemu ya shamba kuwa chai. Mchai ukishashika huishi miongo mingi. Hakuna ang'oaye chai msimu huu ili apande vitunguu msimu ujao. Ardhi inayosalia hugawanywa kati ya nyumba, mahindi na nyasi za ng'ombe, na kila urithi unapogawanywa kipande hicho hupungua. Mboga huishia nyuma ya jikoni.

Juu ya hayo kuna mvua ya mawe. Nyanda za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mchai uliochanwa majani huchipua tena, lakini spinachi iliyochanwa haina mnunuzi sokoni.

Mmea unataka nini hasa?

Katika miaka ya 1860 wanasayansi wa Ujerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walionyesha kwamba mmea unaweza kukua bila chembe ya udongo, mradi mizizi ipate maji yenye madini yaliyoyeyushwa. Mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alianza kuitoa elimu hiyo maabara na kuipeleka kwenye uzalishaji wa mazao, na nyanya zake zilizorefuka sana zikazua gumzo Marekani.

Mmea huchukua kaboni, haidrojeni na oksijeni kutoka hewani na majini. Zaidi ya hizo unahitaji madini 14. Sita huhitajika kwa wingi: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa. Manane huhitajika kwa kiasi kidogo mno: chuma, manganisi, zinki, shaba, boroni, molibdenamu, klorini na nikeli. Udongo ni ghala linaloyatunza madini haya na kuyatoa polepole. Ukiliondoa ghala, wewe mwenyewe ndiwe mgavi, na ukisahau kitu kimoja hakuna akiba ya kukuokoa.

Hapa ndipo mkulima wa chai anapoweza kupotea. Mbolea ya NPK iko stoo, kwa hiyo huona ni rahisi kuikoroga majini. Matokeo yake ni mabaya. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyo katika mbolea za namna hiyo huwa ya amonia au urea, ambayo shambani hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa naitrati. Katika tangi jipya la maji bakteria hao ni wachache mno, na amonia ikizidi hudhuru mizizi. Pia mbolea hiyo haikuundwa kuulisha mmea kalsiamu, chuma na madini madogo yote. Haidroponiki hutaka chumvi zinazoyeyuka kabisa, na msingi wake ni naitrati ya kalsiamu.

Naitrati ya kalsiamu nayo ina sharti lake. Ikichanganywa na fosfeti au salfeti katika mchanganyiko mzito, kalsiamu hugandamana nazo na kutulia chini kama unga mweupe usiofaa kitu. Ndiyo maana wakulima hutumia matangi mawili: tangi A hubeba kalsiamu, na tangi B hubeba fosfeti na salfeti. Vilivyomo hukutanishwa tu baada ya kila kimoja kuongezwa maji mengi.

Vipimo viwili humwongoza mkulima kila siku. Cha kwanza ni pH, ambayo kwa mboga nyingi inapaswa kuwa kati ya 5.5 na 6.5. Cha pili ni EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, kipimo kinachoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Letusi huridhika na EC ya 1.2 hadi 1.8, nyanya hutaka zaidi ya 2. Bila vipimo hivi viwili mkulima anakisia.

Neema ya mvua na baridi

Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 50 za mraba mjini Kericho hupokea takriban lita 100,000 kwa mwaka. Ukikinga asilimia 80 tu, una lita 80,000. Utafiti uliofanywa kwa hali ya Arizona, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kilo moja ya letusi ya haidroponiki hutumia takriban lita 20 za maji, ilhali ile ya shambani hutumia lita 250. Kwa hesabu hiyo, maji ya paa moja dogo yanatosha kilo 4,000 za letusi.

Maji ya mvua yana sifa nyingine: karibu hayana chumvi, hivyo unachokitia ndicho mmea unachokula. Tahadhari ni kwamba hayana bikaboneti ya kuizuia pH isiyumbe, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara. Mwaga pia maji ya kwanza baada ya kiangazi, kwa kuwa huosha vumbi na zinki ya mabati.

Utafiti huohuo wa Arizona ulikuwa na onyo: haidroponiki ilitumia nishati mara 82 zaidi ya kilimo cha shambani, na sehemu kubwa ya nishati hiyo ilikwenda kupasha na kupoza kivungulio. Kericho iko jirani na ikweta, mchana una saa 12 mwaka mzima, na hewa ni ya baridi ya wastani. Mkulima hapa hahitaji taa, kipasha joto wala kipoza hewa. Maji baridi pia hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, na mizizi ikikosa oksijeni huoza. Nyanda hizi zimepewa bure kile ambacho nchi nyingine hukilipia kwa umeme.

Kutoka Longisa hadi Tigoni

Faida kubwa zaidi ya kilimo bila udongo kwa chakula cha eneo hili haiko kwenye letusi. Iko kwenye viazi.

Umuhimu huo unaanzia kwenye mahindi. Septemba 2011, huko Longisa katika Bomet, uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya ugonjwa unaoua mahindi, MLND. Husababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia mmea kwa pamoja, na mashamba mengine hayakuvunwa kitu. Haidroponiki haina dawa ya hilo, kwa sababu hakuna hesabu inayoruhusu mahindi ya ugali kulimwa kwenye mabomba. Wataalamu walihimiza wakulima wabadilishe mazao, na miongoni mwa yaliyopendekezwa ni viazi, ambavyo Bomet huvilima kwa wingi, ikiwemo aina ya Dutch Robijn inayopendwa na watengenezaji wa krispi.

Lakini viazi vina adui ardhini: mnyauko unaoletwa na bakteria. Bakteria huyu hukaa udongoni na husafiri ndani ya mbegu. Katika sehemu za baridi anaweza kujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa. Mkulima akichagua mbegu kutoka stoo yake au sokoni, huenda anajipelekea ugonjwa shambani kwa mikono yake.

Dawa yake ni kuzalisha kizazi cha kwanza cha mbegu mahali ambapo udongo haupo. Katika kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Tigoni, Limuru, miche iliyotolewa maabara huoteshwa ndani ya vivungulio. Katika mfumo wa ukungu wa maji, mizizi huning'inia ndani ya sanduku lenye giza na kunyunyiziwa virutubisho kila baada ya dakika chache. Vijiazi huchumwa kimoja kimoja vikifikia ukubwa, na mmea huendelea kuzaa vingine, hivyo mche mmoja hutoa vijiazi mara kadhaa zaidi ya ule uliopandwa kwenye chungu. Vijiazi hivyo hupandwa kwenye udongo safi, vikazaa mbegu, na KEPHIS, taasisi ya afya ya mimea nchini, huzikagua kabla ya kuuzwa. Mboga za haidroponiki hulisha nyumba moja. Kijiazi kisafi, kikishazaa misimu kadhaa, hulisha kijiji.

Pa kuanzia

Mfumo wa ukungu wa maji si wa kuanzia nyumbani. Umeme ukikatika, mizizi iliyoning'inia hukauka kwa muda mfupi, na radi za Kericho hukata umeme mara nyingi. Mabomba yanayopitisha mkondo mwembamba wa maji yana hatari hiyohiyo.

Kinachofaa zaidi ni njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, isiyotumia pampu. Chombo chenye kifuniko kisichopitisha mwanga hujazwa virutubisho mara moja. Kadiri mmea unavyokunywa, maji hushuka na kuacha nafasi ya hewa, na mizizi ya juu huvuta oksijeni hapo. Letusi, spinachi na dania hukubali. Nyanya na pilipili hoho hufaa zaidi kwenye mifuko ya vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi, na kumwagiliwa kwa matone. Vyote viwe chini ya paa la plastiki imara, ili mvua isiyapunguze makali ya virutubisho na mawe yasichane majani.

Mwaka 1938, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wenzake Gericke chuoni, walipima madai ya wakati wao na kueleza kwamba maji yenye virutubisho hayazai zaidi kuliko udongo mzuri uliotunzwa. Kwa hiyo, mkulima, kabla hujanunua bomba hata moja, peleka sampuli ya udongo wako ikapimwe. Kama tatizo ni asidi peke yake, chokaa na samadi vitatosha, kwa gharama ndogo zaidi. Kama tatizo ni mnyauko wa viazi, weka fedha yako kwenye mbegu iliyoidhinishwa. Na kama huna ardhi iliyobaki, una paa la kukinga mvua, na una mnunuzi wa mboga kila wiki, basi anza na vyombo vichache, pima pH kila asubuhi, na uongeze kadiri soko linavyokulipa.