Kimeng'enya Kilichobadili Kazi

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzao walichunguza jeni zaidi ya 20,000 katika sampuli 22 za glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Walitarajia kukuta jeni zilizozoeleka, zile zinazoamuru seli igawanyike au kuizuia isigawanyike, na kweli walizikuta. Lakini ilijitokeza nyingine ambayo hakuna aliyeidhania: IDH1. Kazi yake ni ya kila siku. Huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kimoja kati ya vile vinavyochakata chakula ndani ya seli, jamaa wa karibu wa vile ambavyo wanafunzi wa biolojia hukariri katika mzunguko wa Krebs. Na badiliko lilikuwa karibu kila mara mahali palepale: asidi amino ya 132 katika mnyororo wa protini hiyo.

Ugunduzi huo ulifufua mjadala ulioanza Berlin katika miaka ya 1920. Huko mwanasayansi Otto Warburg aliona kwamba uvimbe wa saratani hula glukosi kupita kiasi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, hata pale ambapo oksijeni ipo tele. Misuli yetu hufanya hivyo tunapokimbia hadi pumzi ikakata, lakini seli nyingi zilizotulia hazifanyi. Hesabu yenyewe inashangaza. Glukosi moja ikiishia kwenye laktiki, seli hupata molekuli 2 tu za ATP, ambayo hubeba nishati inayotumika mwilini. Glukosi hiyohiyo ikimalizikia kwenye mitokondria, kwa msaada wa oksijeni, hutoa 30 hivi. Warburg akahitimisha kwamba upumuaji wa seli umeharibika, na kwamba uharibifu huo ndio chanzo cha saratani. Alishikilia msimamo huo mpaka alipofariki mwaka 1970.

Alichokiona kilikuwa kweli. Alichokosea ni sababu. Katika saratani nyingi mitokondria ni nzima na zinafanya kazi, ila amri zimebadilika. Jeni kama RAS na MYC zikipata kasoro, seli huongeza protini zinazoingiza sukari ndani na vimeng'enya vinavyoivunja. Jeni ya VHL ikiharibika, kama inavyotokea katika saratani nyingi za figo, protini iitwayo HIF haivunjwi tena, na seli hujiendesha kana kwamba imekosa hewa ilhali damu inaileta. Nayo p53, mlinzi anayejulikana zaidi kwa kuzuia mgawanyiko, husaidia pia kudhibiti matumizi ya sukari. Ikipotea, udhibiti huo hulegea.

Kwa nini seli ikubali hasara hiyo? Kwa sababu seli inayogawanyika haihitaji nishati peke yake. Inahitaji kaboni ya kuunda mafuta ya utando, DNA mpya na protini. Anayejenga nyumba hachomi mbao zake zote jikoni ili apate moto mkubwa.

Tabia hiyo imewapa madaktari jicho. Katika kipimo cha PET, mgonjwa huchomwa sindano ya kitu kinachofanana na glukosi, kilichotiwa florini yenye mionzi, na seli zenye uchu wa sukari hung'aa kwenye picha. Mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila dakika 110 hivi, kwa hiyo dawa hiyo haiwezi kutengenezwa mbali sana na mgonjwa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ina mtambo wake wa kuitengeneza.

Lakini tabia hiyohiyo imezaa ushauri unaoniumiza kila ninapousikia: kwamba mgonjwa aache kabisa wanga na sukari ili saratani ife njaa. Ini hutengeneza glukosi lenyewe, likitumia hata protini inayotokana na misuli. Anayekonda ni mgonjwa, na mgonjwa aliyekonda huyastahimili matibabu kwa shida.

Turudi kwa IDH1, maana hapo ndipo jibu bora la mjadala ule lilipopatikana. Mwaka 2009 ilibainika kwamba kimeng'enya hicho chenye kasoro hakikuwa kimepoteza kazi tu. Kilikuwa kimepata kazi mpya: kuunda kitu kiitwacho 2-haidroksiglutareti, ambacho katika seli zenye afya huwa kidogo mno. Kikirundikana, hukwamisha vimeng'enya vinavyofuta alama za kemikali juu ya DNA. Alama zisipofutwa, jeni zinazotakiwa kuikomaza seli hubaki zimefungwa, na seli hukwama katika uchanga wake. Kumbe njia huenda pande zote mbili: jeni hubadili uchakataji wa chakula, nao uchakataji hurudi kuzitawala jeni.

Kukijua kimeng'enya kulifungua mlango wa kukizuia. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha enasidenib kwa baadhi ya wagonjwa wa leukemia wenye kasoro katika IDH2, jeni pacha. Kisha ikaja vorasidenib kwa uvimbe wa ubongo unaokua polepole. Katika jaribio la wagonjwa 331 lililochapishwa 2023, muda wa kati kabla ya ugonjwa kusonga mbele ulikuwa miezi 27.7 kwa waliopata dawa, dhidi ya 11.1 kwa waliopata kidonge kisicho na dawa. Iliidhinishwa Agosti 2024.

Dawa hizo ni ghali, na hapa kwetu wengi hawataziona kwa sasa. Kipimo ni jambo jingine. Badiliko la IDH1 linalotokea zaidi huonekana kwa kupaka rangi maalumu ya kingamwili kwenye kipande kilekile cha nyama kilichokwisha kukatwa wakati wa upasuaji, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linaitumia hali ya jeni hii kutaja aina ya uvimbe. Ndugu yako akifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo, muulize daktari: IDH imepimwa?